Jua na mvua ya Kakamega: Jinsi ya kulinda gari lenye paa la turubai

MVUA ya alasiri mjini Kakamega haibishi hodi. Saa nane mchana jua huwa kali kiasi cha kuwafanya watu watafute kivuli, na kabla ya saa kumi kutimia mawingu huwa yameshatanda na maji yanatiririka mitaroni. Mwenye gari la paa la bati hana haja ya kuhangaika. Mvua ikikatika, hupangusa vioo na kwenda zake. Lakini kwa mkazi wa Amalemba, au wa mtaa mwingine wowote wa mji huo, ambaye gari lake limeezekwa kwa turubai na hulala nje kwa kukosa gereji, saa hizo mbili zaweza kuanzisha uharibifu utakaomgharimu miezi kadhaa baadaye.

Uharibifu wenyewe huanza kimyakimya. Turubai halipasuki siku moja. Hupauka, nyuzi zake zikalegea, mshono ukaachia tone moja la maji, zulia likalowa bila ya mwenyewe kujua, kuvu ikaota chini ya kiti na kutu ikaanza kula sakafu. Kufikia siku harufu inapojitokeza, gharama ya kutengeneza imeshakuwa kubwa kuliko ile ya kuzuia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Makala haya yanaeleza ni kitu gani hasa kinacholiharibu paa la turubai na vitu vilivyo chini yake, na hatua ambazo mwenye gari anaweza kuchukua bila ya kujenga gereji.

Si magari ya matajiri pekee

Watu wengi wakisikia habari za gari la paa la kukunja, hufikiria magari ya fahari yanayoonekana katika filamu. Ni kweli kwamba magari hayo yapo, na yaliyo maarufu zaidi ni madogo ya viti viwili kama Mazda MX-5, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwaka 1989. Kufikia mwaka 2016, kampuni hiyo ya Japani ilikuwa imeshaunda magari milioni moja ya aina hiyo. Kwa kuwa Japani, sawa na Kenya, huendesha magari yenye usukani upande wa kulia, si ajabu kuyakuta machache katika barabara zetu.

Hata hivyo, turubai limetumika katika magari ya Afrika Mashariki tangu zamani. Land Rover ya kwanza, iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na paa la turubai, na magari ya namna hiyo ndiyo yaliyowabeba maafisa wa serikali, wamishonari na wakulima katika barabara za udongo za eneo hili. Mwaka huo huo wa 1948, kampuni ya Piaggio nchini Italia ilianza kuuza Ape, gari la magurudumu matatu ambalo ni babu wa tuktuk za leo. Kuna pia gari dogo la Suzuki la kupandia milima, pikapu zilizofunikwa turubai nyuma, na bila shaka tuktuk yenyewe, ambayo paa na mapazia yake ya pembeni ni ya kitambaa kilichopakwa plastiki.

Kwa mwenye tuktuk, suala hili si la urembo. Abiria hatakubali kukalia kiti kilicholowa, na kila asubuhi inayopotea kwa kukausha sponji ni nauli iliyokwenda kwa mwingine.

Kwa nini Kakamega

Mji wa Kakamega, uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi na ambao tangu mwaka 2013 ni makao ya serikali ya kaunti, uko karibu sana na mstari wa Ikweta, katika mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mambo hayo mawili yana maana kubwa kwa turubai.

La kwanza ni jua. Katika maeneo ya Ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hivyo miale yake huliangukia paa moja kwa moja badala ya kulipiga kwa mshazari. Isitoshe, kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na ndivyo miale ya urujuanimno inavyoongezeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria ongezeko la takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Upepo wa Kakamega waweza kuwa wa baridi kuliko wa Mombasa, lakini asidanganyike mtu kwamba jua lake ni dhaifu. Miale hiyo ndiyo inayokata minyororo ya molekuli katika nyuzi na plastiki, ikapausha rangi na kukifanya kitambaa kuwa kikavu na chepesi kuchanika.

La pili ni maji. Kakamega hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na katika miaka mingi kiasi hicho hukaribia milimita 2,000. Hicho ni karibu mara mbili ya mvua ya Nairobi. Mvua kubwa zaidi hunyesha Aprili na Mei, lakini hakuna mwezi unaoweza kuitwa mkavu kabisa. Msitu wa Kakamega, ambao ni kipande cha mashariki cha misitu ya mvua ya Afrika ya Kati, ni ushahidi wa unyevu huo. Hali ya hewa inayostawisha msitu ndiyo hiyo hiyo inayostawisha kuvu katika viti vya gari.

Mara nyingine mvua huja na mawe. Milima ya Nandi na Kericho, iliyo mashariki mwa Kakamega, inajulikana mno kwa mvua ya mawe, na mawingu ya aina hiyo hayakomei huko.

Turubai si moja

Kabla ya kununua dawa au kifuniko, mwenye gari sharti ajue turubai lake ni la aina gani, kwa maana kinachofaa aina moja chaweza kuharibu nyingine.

Aina ya kwanza ni kitambaa kizito cha pamba, kilichotumiwa katika Land Rover za zamani. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba matundu yaliyo kati yake, na hivyo ndivyo kitambaa hicho kinavyozuia maji. Udhaifu wake ni kwamba pamba ni chakula cha kuvu. Turubai la pamba likikunjwa likiwa bichi, huanza kupata madoa meusi na hatimaye kuoza. Aina hii huhitaji kupakwa nta au dawa ya kuzuia maji kila baada ya muda.

Aina ya pili ni kitambaa kilichopakwa plastiki, yaani vinili. Hiki ndicho kilicho katika tuktuk nyingi na katika magari mengi ya bei ya wastani. Hakipitishi maji kabisa, na kukiosha ni rahisi. Lakini plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali ambazo jua huzitoa taratibu. Zikiisha, kitambaa hukakamaa na kupasuka pale kinapokunjwa.

Aina ya tatu ni kitambaa cha tabaka tatu kinachotumiwa katika magari ya bei kubwa: juu nyuzi za akriliki, katikati mpira, na ndani kitambaa laini. Hustahimili jua vizuri zaidi, lakini nyuzi zake hunasa vumbi na vumbi hilo hushika unyevu. Huhitaji brashi laini mara kwa mara, na dawa ya kuzuia maji takribani mara moja kwa mwaka.

Njia rahisi ya kutambua hali ya turubai la kitambaa ni kulinyunyizia maji kidogo. Yakijikusanya kama shanga na kuteleza, kinga ingalipo. Yakifyonzwa na kitambaa kikageuka rangi kuwa cheusi, kinga imekwisha.

Mahali pa kuegesha

Kinga ya kwanza haina gharama yoyote, nayo ni kuchagua mahali. Wengi hukimbilia chini ya mti. Kivuli cha mti ni kizuri kwa binadamu, lakini kwa turubai kina hasara nyingi. Mwembe na mparachichi huangusha matunda. Miti mingi hudondosha utomvu unaonata. Mikaratusi huvunjika matawi wakati wa upepo. Na ndege wanaotua juu yake huacha kinyesi chenye asidi, ambayo ikichanganyika na joto la jua huchoma rangi na kitambaa kwa muda mfupi. Majani nayo huziba matundu ya kutolea maji, jambo tutakalolirejea.

Kivuli cha ukuta ni bora zaidi. Hapa mwenye gari anaweza kuutumia mwendo wa jua kwa manufaa yake. Gari likiegeshwa upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi litalikausha umande na mvua ya usiku, kisha kuanzia adhuhuri nyumba yenyewe italikinga na jua kali la alasiri. Likiegeshwa upande wa magharibi, mambo hugeuka: hubaki bichi asubuhi na kuunguzwa alasiri.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, gari lisisimame chini ya mchirizi wa paa lisilo na mifereji. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mabati mahali pamoja hupiga turubai kwa nguvu na kuchosha mshono. Pili, lisisimame bondeni wala kwa kuinama upande. Paa la turubai limeundwa limwage maji kwa pande zake. Gari likilala upande, maji hutuama katika mkunjo, na uzito wake hulivuta turubai hadi likalegea.

Kifuniko kinachopumua

Kosa linaloonekana mara nyingi mitaani ni la kufunika gari kwa karatasi ya nailoni. Mwenyewe hudhani amelikinga, kumbe amelitengenezea chumba cha mvuke. Unyevu unaotoka ardhini na ule uliobaki kwenye viti hupanda, hugonga nailoni, hugeuka matone na kurudi chini. Jua likitoka, joto huongezeka na kuvu hupata kila inachohitaji. Isitoshe, nailoni ikipeperushwa na upepo husugua rangi ya gari kama msasa.

Kifuniko kinachofaa ni kile kinachozuia matone ya maji lakini kikaruhusu mvuke kutoka. Ndani kiwe laini, na kiwe na kamba au mikanda ya kupitisha chini ya gari ili upepo usikiinue. Kwa gari la turubai, si lazima kifunike gari zima. Kuna vifuniko vya nusu vinavyofunika paa na vioo tu, ambavyo ni vyepesi kuvaa na kuvua na ni vya bei nafuu.

Sheria ya kifuniko ni moja: kivikwe gari lililo safi na kavu. Kuvika gari lenye vumbi ni kulisugua kwa mchanga. Kuvika gari bichi ni kufungia maji ndani. Mvua ikiwa haikomi siku tatu, ni heri kukivua kifuniko kila panapotokea jua, hata kwa saa moja, gari lipate hewa.

Asiyeweza kupata kifuniko maalumu anaweza kutumia turubai la kawaida kwa kulitundika, si kulilaza. Likitandazwa juu ya kamba au miti na kuachwa nafasi ya kutosha kati yake na gari, litakinga jua na mvua huku upepo ukipita chini yake.

Banda la nguzo nne

Hatua inayofuata, kwa mwenye nafasi, ni banda. Nguzo nne, mbao chache na mabati huondoa sehemu kubwa ya tatizo, maana jua la utosini ndilo lenye madhara zaidi na mabati hulizuia lote. Banda lijengwe kwa mteremko ili maji yaelekee upande usio na gari, na nguzo zichimbiwe kwa kina na kushikizwa kwa saruji, kwani upepo unaotangulia mvua ya Kakamega unaweza kung'oa mabati yasiyofungwa vyema.

Wavu wa kivuli, ule unaotumiwa na wakulima wa miche, ni rahisi kuliko mabati na hupunguza jua na nguvu ya mvua ya mawe. Hauzuii maji, kwa hivyo hauondoi haja ya kuchunga mishono.

Mpangaji asisahau kupata idhini ya mwenye nyumba kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Banda lililojengwa bila ya idhini laweza kubomolewa, au likabaki mali ya mwenye kiwanja mpangaji akihama. Idhini ya maandishi, hata ya mistari miwili, huondoa ugomvi.

Maji hupitia wapi

Watu wengi wakikuta maji ndani ya gari hulaumu turubai. Mara nyingi turubai halina hatia. Magari ya paa la kukunja yana mifereji midogo iliyofichwa nyuma ya viti, ambayo hupokea maji yanayotiririka kutoka kwenye paa na kuyatoa chini ya gari kupitia matundu. Majani na vumbi vikiziba matundu hayo, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Hili ni tatizo linalojulikana sana katika Mazda MX-5: maji hukusanyika nyuma ya viti, zulia hulowa, na sehemu za chini za bodi huanza kuoza kwa kutu ilhali paa ni zima.

Dawa yake ni kusafisha matundu hayo mara kwa mara kwa waya laini wa plastiki au kwa kumimina maji polepole na kutazama kama yanatoka chini. Waya wa chuma haufai, kwani hutoboa mipira ya mifereji.

Njia ya pili ya maji ni mipira ya milango na ya ukingo wa kioo cha mbele. Kuna jaribio jepesi: weka kipande cha karatasi kati ya mpira na fremu, funga mlango, kisha uivute karatasi. Ikitoka bila ya kushikika, hapo mpira hauzibi. Mipira hupakwa grisi ya silikoni ili isikauke. Mafuta ya injini, ya taa na mengineyo yatokanayo na petroli yasitumiwe, kwa sababu huuvimbisha mpira na kuufanya uoze.

Njia ya tatu ni mishono yenyewe. Ili kuitambua inayovuja, mtu mmoja aketi ndani na tochi huku mwingine akimwaga maji polepole kwa kopo, akianzia chini na kupanda juu. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na chanzo hakitajulikana.

Ndani ya gari

Kuvu huhitaji mambo matatu: unyevu, joto la wastani na chakula. Chakula hakikosekani, kwa maana jasho, makombo na vumbi vilivyo katika viti vinatosha. Kinachoweza kudhibitiwa ni unyevu. Mazulia ya mpira yainuliwe kila baada ya mvua, kwani mara nyingi juu yake ni pakavu na chini yake ni dimbwi. Zulia lililolowa litolewe nje kabisa na kuanikwa. Kulipangusa kwa juu hakutoshi, kwa sababu sponji iliyo chini yake hushika maji kwa majuma.

Vifuko vya chembechembe za silika vinavyokuja katika maboksi ya viatu na vya elektroniki visitupwe. Vikiwekwa chini ya viti hufyonza unyevu kiasi. Makaa ya kawaida katika bakuli lililo wazi husaidia kupunguza harufu. Vyote viwili havitatui tatizo la maji yanayovuja. Kazi yake ni kumalizia unyevu uliosalia baada ya tundu kuzibwa.

Panapokuwa na kuvu tayari, gari lifunguliwe juani, kuvu ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya sabuni isiyo kali, kisha pakaushwe vizuri. Anayefanya kazi hiyo afunike pua na mdomo, hasa akiwa na pumu.

Jua nalo lina kazi yake ndani. Dashibodi hupasuka, ngozi ya viti hukauka na vitambaa hupauka. Kinga ya kioo cha mbele, hata ya kadibodi iliyokatwa kwa kipimo, hupunguza sana madhara hayo. Viti vifunikwe kwa shuka la rangi nyepesi gari linaposimama muda mrefu. Viti vya ngozi vipanguswe na kupakwa mafuta maalumu ya ngozi kila baada ya miezi michache. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwa maana huchacha na kunuka.

Kuosha bila ya kuharibu

Mashine za kurusha maji kwa nguvu ni adui mkubwa wa mishono. Ikiwa ni lazima gari lioshwe nazo, mwoshaji asiielekeze karibu na paa. Njia salama ni kuondoa vumbi kavu kwanza kwa brashi laini, kulowesha kwa maji ya kawaida, kusugua taratibu kwa sabuni isiyo kali kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, kisha kusuuza hadi povu lote liishe. Sabuni iliyobaki huvuta uchafu upya. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo huondoa doa la kuvu, lakini hula uzi wa mshono pamoja na doa hilo. Petroli na thina visikaribie turubai wala plastiki.

Kinyesi cha ndege kisikwanguliwe kikiwa kikavu. Kilazwe kitambaa kilicholowa kwa dakika chache, kisha kiondolewe kikiwa laini.

Vioo vya nyuma vya plastiki, vilivyomo katika magari ya zamani na katika mapazia ya tuktuk, vinahitaji uangalifu wa pekee. Kuvipangusa vikiwa vikavu ni kuvichora. Vioshwe kwa maji mengi na kitambaa laini, na visikunjwe asubuhi ya baridi vikiwa vimekakamaa. Paa linapokunjwa, taulo laini iwekwe katika mkunjo.

Muhimu kuliko yote, turubai bichi lisikunjwe. Liachwe likiwa limetandazwa na kufungwa hadi likauke kabisa. Hata likiwa kavu, gari linaloegeshwa kwa siku nyingi liwe paa juu, maana turubai lililokunjwa muda mrefu husinyaa na kushika mikunjo, na siku ya kulifunga halifiki kwenye komeo zake.

Kazi ya fundi

Paa jipya kutoka kiwandani huwa ghali na huchukua muda kufika. Kwa bahati nzuri, mafundi wa viti na maturubai wa jua kali wanaweza kushona paa zima au kutia kiraka. Mteja aulize maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza, uzi utakaotumika ni wa aina gani? Uzi wa pamba wa kushonea nguo huoza upesi. Unaofaa ni wa poliesta ulio mnene. La pili, matundu ya sindano yatazibwa kwa nini? Kila tundu la sindano ni tundu la maji, na mshono mpya usiopakwa nta au gundi maalumu utavuja katika mvua ya kwanza.

Mpasuko mdogo usisubiri. Upepo wa mwendo huuingia na kuurefusha, na kilichokuwa kiraka cha ukubwa wa kiganja huwa kazi ya paa zima.

Wezi, panya na bima

Turubai hukatika kwa kisu. Kwa sababu hiyo, kinga bora dhidi ya mwizi ni kutoacha kitu cha kumvutia. Mfuko, simu, hata koti lililotupwa kitini humfanya mtu akate paa la thamani kubwa kwa ajili ya kitu cha thamani ndogo. Kufuli ya usukani na swichi iliyofichwa ya kukata umeme wa betri husaidia kuzuia gari lenyewe kuibwa. Gari liegeshwe penye mwanga, na mlinzi wa mtaa ajulishwe ni la nani.

Panya nao hupenda gari lisilotembezwa. Hula nyaya na kujenga viota katika sponji. Makombo ya chakula yaondolewe, na gari liwashwe na kutembezwa walau mara moja kwa juma.

Kuhusu bima, sheria ya Kenya humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, lakini bima hiyo haimlipi yeye mwenyewe paa lake likichanwa au likipigwa na mvua ya mawe. Anayetaka kinga hiyo hana budi kuchukua bima kamili, na hata hapo asome mkataba aone kama paa la turubai na majanga ya asili vimetajwa, na ni kiasi gani atakachojilipia mwenyewe. Uchakavu wa kawaida na kuvu kwa kawaida havilipwi.

Uhai kwanza

Yapo mambo mawili ambayo yanahusu uhai wa binadamu kuliko mali. La kwanza ni radi, ambayo hupiga mara nyingi magharibi mwa Kenya. Gari la bati lililofungwa humkinga aliye ndani kwa sababu umeme hupita kwenye chuma kilichomzunguka na kuingia ardhini. Gari la paa la turubai halina ngao hiyo kamili juu, na tuktuk iliyo wazi pembeni haina kabisa. Ngurumo zikianza, dereva na abiria waingie katika nyumba au katika gari la bati, wala wasijikinge chini ya mti.

La pili ni joto. Utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba ndani ya gari lililofungwa juani joto huweza kupanda kwa takribani nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Turubai si kinga dhidi ya joto hilo. Mtoto asiachwe ndani ya gari, hata kwa dakika chache.

Ratiba ya mwenye gari

Kwa kifupi, kazi yote inaweza kugawanywa hivi. Kila baada ya mvua: fungua milango gari lipate hewa, inua mazulia, kausha. Kila juma: ondoa majani na vumbi, tazama mishono, tembeza gari. Kila mwezi: osha turubai kwa sabuni isiyo kali na usafishe matundu ya maji. Kila baada ya miezi mitatu: paka mipira ya milango grisi ya silikoni. Kila mwaka, katika majuma makavu ya Januari au Februari kabla ya mvua za masika kuanza: paka dawa ya kuzuia maji na umpelekee fundi mishono iliyolegea.

Anayefuata ratiba hii hatahitaji gereji ili gari lake lidumu. Atahitaji ndoo, brashi laini, kitambaa kikavu, na mazoea ya kulitazama paa lake kila mvua inapokatika.